Mjomba Pumzi na Kibao cha Nne

"Mjomba, ukilenga huwa unaangalia nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomuuliza hivyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya banda la kazini kwake, bunduki imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia safi, naye anasukuma kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu kwa kijiti kirefu. Hakuinua kichwa.

"Naangalia saa," alisema. "Nione kama muda wa kula umefika."

"Sema kweli, Mjomba."

"Kweli ni kwamba wewe una maswali mengi kuliko karani wa sensa. Nishikie hiki kichupa, na usimwage."

Nikashika kichupa. Jibu sikupata, na baada ya wiki nikasahau hata kama niliuliza. Yeye hakusahau.

Mjomba ni kaka yake mama, amemzidi miaka tisa. Kabla sijazaliwa alikuwa tayari anakaa chumba cha uani kwetu, kile chenye dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo, na kwa maneno yake mwenyewe alikuja kukaa wiki mbili. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kulenga shabaha. Si askari, wala si mwindaji. Panya akinaswa kwenye mtego jikoni, mama ndiye aliyekwenda kumtoa, Mjomba akiwa amesimama juu ya stuli anatoa maelekezo. Akiulizwa kazi anayofanya alijibu, "Natoboa karatasi. Wenzangu maofisini wanatumia mashine, mimi natumia baruti."

Pale uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pumzi, maana ndilo neno la kwanza ambalo kila mgeni alilisikia kutoka kwake, na ndilo la mwisho pia.

Uwanja wenyewe ukiuona si kitu cha kutisha. Ni banda refu la mabati lisilo na ukuta wa mbele. Chini yake kuna meza nane zilizotenganishwa kwa mbao, na nyuma ya meza kuna mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Mbele, mita ishirini na tano, vimesimama vibao vinane vyenye karatasi, kila kimoja na namba yake juu, na nyuma ya vibao limelala tuta la udongo refu kama nyumba, linameza risasi mwaka hadi mwaka bila kushiba. Ukutani wameandika sheria kwa rangi nyeusi. Watu wakiwa wanapiga, walio nyuma ya mstari hawaruhusiwi kusema chochote, isipokuwa neno moja: "Simama!" Yeyote akiona hatari, hata mfagizi, hata mtoto, analitamka kwa kelele hilo neno, na wote mstarini wanaweka silaha chini hapo hapo. Nikiwa mdogo nililitamani sana. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nalo mdomoni kama peremende, nangoja hatari itokee. Haikutokea.

Waliokuja kujifunza walikuwa watu wa kila aina: walinzi wa makampuni waliotakiwa kupata cheti, daktari mmoja wa meno, mwalimu mstaafu aliyesema anatafuta kitu cha kufanya Jumamosi. Wote walikuja wakidhani watapewa bunduki. Mjomba aliwapa kiti.

"Kaa. Pumua."

Namkumbuka mlinzi mmoja, pande la mtu, shingo imejaa kola. Alikaa dakika tano akachoka.

"Mwalimu, mimi nimekuja kupiga risasi, sikuja kulala."

"Wewe hata kupumua hujui, ndugu yangu. Wewe unahema. Kaa."

Baada ya kiti ilikuja bunduki ya mbao. Mjomba aliweka sarafu juu ya mtutu wake, na mwanafunzi alitakiwa kuvuta kifyatulio polepole kiasi kwamba sarafu isidondoke. Yule pande la mtu aliidondosha mara thelathini na moja, nilihesabu. Ndipo ikaja bunduki yenyewe, na hapo Mjomba alikuwa na ujanja wake. Alimpa mtu mgongo, akaweka risasi, akamkabidhi. Mara nyingine aliweka ganda tupu, bila kusema. Mlinzi akalenga, akavuta, bunduki ikafanya *ta* tu kama ulimi wa mjusi, lakini mabega yake yaliruka, macho yakafumbika, mtutu ukainama kama unasalimia wakwe.

"Umepigwa na nini?" Mjomba akamuuliza.

"Si bunduki imelia?"

"Imelia wapi? Hiyo ilikuwa tupu. Wewe umeogopa kelele ambayo haijazaliwa."

Banda zima likacheka, na mlinzi mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Mwezi uliofuata alikuwa anaweka risasi tisa kati ya kumi kwenye doa jeusi la katikati.

Kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba Mjomba alijua risasi imekwenda wapi bila kuangalia kibao. "Kulia, chini," angesema, na karatasi ikiletwa, tundu liko kulia, chini. Wengine walinong'ona kwamba ana dawa. Nikamuuliza.

"Sikitazami kibao, namtazama mtu," alisema. "Bega likiruka nimeshajua. Kibao hakidanganyi, lakini hata ukikifundisha hakielewi."

Ubaya ulianza na vikombe, nikiwa na miaka kumi na minne. Kila kilichowekwa pembeni mwa meza, Mjomba alikisukuma kwa kiwiko. Kisha ikawa milango. Bega lake la kushoto lilijaa michubuko. Jirani yetu akaja kulalamika kwa mama.

"Huyo kaka yako siku hizi ana maringo. Nampita ubavuni hapa, nasalimia, wala hageuki."

"Maringo gani na suruali ile?" mama akamjibu, wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, na sasa kila nikikumbuka nasikia aibu.

Siku alipomkanyaga mtoto mdogo wa jirani aliyekuwa anacheza kando ya mlango wetu, mama hakucheka tena. Alimshika mkono kama mtuhumiwa, akampeleka hospitali ya macho. Waliporudi, Mjomba alitusimulia kwa mzaha wake ule ule. Walimwekea kidevu juu ya mashine, wakampa kitufe, wakamwambia kila akiona kitaa kidogo kimewaka abonyeze.

"Mimi tena, kitufe! Nikavuta pumzi, kidole laini kabisa. Nikangoja. Kikawaka kimoja, viwili. Halafu kimya. Nikamwambia yule binti, mbona umeacha kuwasha? Akasema, 'Baba, vimewaka zaidi ya arobaini.'"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya daktari.

Ni presha ya macho. Nilikwenda kuisoma kwenye kitabu cha baiolojia shuleni, nikamsumbua mwalimu mpaka akanichorea ubaoni. Haiumi. Inaanza kuua uoni wa pembeni, halafu inasogea kuelekea katikati taratibu, kama mtu anayevuta kamba ya mdomo wa mfuko. Mgonjwa anaweza asijue kwa miaka. Matone ya dawa yanaweza kuichelewesha, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. "Hakirudi kabisa, Mwalimu?" niliuliza. "Kabisa," akasema, akafuta ubao.

"Kawaambie kazini," mama alimwambia usiku ule ule.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba huoni."

"Naona. Hapa nilipo nakuona mpaka unywele wa kidevuni."

"Kaka!"

"Dada, katikati pako safi. Na kazi yangu yote iko katikati."

Hakuwaambia. Kila mwaka pale uwanjani walimu wenyewe walipimwa: kila mmoja alipiga risasi kumi kwenye kibao cha namba yake, na nane zilitakiwa ziingie kwenye doa jeusi. Anayeshindwa anaondoka mstarini. Mjomba alipita mwaka ule, akapita na uliofuata, nasi tukaanza kuamini kwamba labda mfuko umeacha kufungwa. Wasiwasi wake mimi niliujua siku alipokuwa anaanua mashati yake uani, anapapasa kamba kutafuta vibanio.

"Hapa nyumbani hata redio inanikatiza," alisema, kama vile tulikuwa tumeshaanza mazungumzo. "Kule mstarini, mimi nikisema, watu wazima wananyamaza. Daktari ananyamaza. Wakinitoa pale, mpwa, nitakuwa mtu wa kukanyaga watoto tu."

Nilipotimiza miaka kumi na sita, umri ambao uwanja unamruhusu mtu kushika silaha akiwa na mkubwa wake, mama alisaini fomu. Alisaini huku anagomba.

"Mfundishe kitu cha maana basi, hata kupika."

"Kupika nimfundishe mimi? Unataka tufe?"

Ilikuwa Jumamosi, siku nne kabla ya kipimo cha mwaka. Nilidhani mimi nitarukishwa hatua, maana nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi tangu utoto. Alinipa kiti.

"Mjomba, mimi najua yote haya."

"Unajua, ndiyo. Pumua."

Nikapumua. Nikadondosha sarafu mara kumi na mbili tu, nikajisifu. Kisha akanisimamisha meza ya nne, meza yake, akanivisha vifunika masikio, akainua kimoja ili nimsikie.

"Mbele ya mtutu kuna kijiti kidogo. Ni kilengeo. Mbali kule kuna kibao. Jicho haliwezi kuviona vyote viwili sawasawa kwa mara moja, usilidai lisichoweza. Chagua kijiti. Kibao kiache kiwe ukungu. Kila anayeanza anachungulia kibao kama anayengoja mgeni mlangoni, ndiyo maana anakosa."

"Na wewe ndivyo unavyofanya?"

"Mimi ni mwalimu," akasema, na hilo halikuwa jibu.

Akachukua bunduki anionyeshe. Lakini kabla ya kuinama, niliona kidevu chake kinainuka kidogo mara nne, kama mtu anayekubaliana na jambo.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu vibao. Kutoka kushoto: moja, mbili, tatu, nne."

"Si namba imeandikwa pale juu?"

"Namba iko juu, mimi niko chini," akasema. Kisha polepole, kwa sauti ya chini kwa sababu Kengele alikuwa meza ya tano, "Nikiangalia namba, kibao kinapotea. Nikiangalia kibao, namba haipo. Lakini kuhesabu hakujanitupa."

Kengele alikuwa dada mmoja, mwalimu mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Hakusikia. Mjomba akapiga tano. Karatasi ilipoletwa, sarafu ile ile ya mazoezi ingefunika matundu yote matano. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Zamu yangu, bunduki ilinisukuma bega nikasema "Mama!" kwa sauti, na katika risasi zangu kumi moja iliingia kwenye doa, nyingine zilitawanyika, na moja haikuonekana popote.

"Hiyo imehama nchi," Mjomba akasema. Kisha akanipa ganda tupu bila mimi kujua, nikavuta, mtutu ukainama. Aliangua kicheko mpaka akaegemea mbao. "Damu ni damu. Hata wewe unaogopa kelele ambayo haijazaliwa."

Siku ya kipimo nilikuwa likizo, nikaenda naye, nikakaa kwenye benchi langu. Walimu walikuwa saba. Asubuhi ile kibao cha pili kilikuwa kimeanguka chenyewe, mchwa walikuwa wameumaliza mguu wake, na mfagizi alikibeba akakiegemeza nyuma ya choo. Basi pale mbele kulikuwa na cha kwanza, pengo, cha tatu, cha nne, na kuendelea. Kwa kuwa meza ya pili ingekaa bure, hakuna aliyesema lolote. Nani atamwambia mtu jambo ambalo kila mwenye macho analiona?

Mjomba alisimama meza ya nne. Meneja, kijana ambaye Mjomba ndiye aliyemfundisha kupiga, akasoma sheria, akauliza kama wote wako tayari. Kimya kikashuka kwenye banda. Nikaona kidevu cha Mjomba kinainuka.

Moja. Mbili.

Hapo ndipo nilipotazama pengo. Mbili yake ilikuwa cha tatu. Tatu yake ilikuwa cha nne. Kidevu kikainuka mara ya mwisho, kikatulia, na bunduki ikafuata, ikakaa imara kabisa juu ya kibao cha tano.

Neno lilikuwa mdomoni. Nililibeba miaka yote ile na sasa lilikuwa pale, zito, limejaa. Ningepiga kelele, "Simama!", na wote wangeweka silaha chini, na meneja angenigeukia, "Hatari iko wapi?" Ningesema nini? Kwamba mjomba wangu haoni? Nikawaza labda atahesabu tena. Nikawaza labda ataona namba. Nilikuwa bado nawaza risasi ya kwanza ilipolia.

Alipiga kumi. Kati ya risasi na risasi niliona mgongo wake unapanda na kushuka, bila haraka. Sijawahi kuona mtu anapumua vizuri vile.

Karatasi zililetwa, zikatandikwa juu ya meza ndefu. Ya nne ilikuwa safi kama karatasi ya mtihani ambayo mtu hakujibu hata swali moja. Ya tano ilikuwa na matundu ishirini: kumi yametawanyika ndani na nje ya doa, na kumi yamerundikana katikati, ukubwa wa sarafu.

"Kengele, umetulia leo, dada," mwalimu mmoja akasema.

"Mimi? Mimi nina kumi zangu hizi, kila moja na ukoo wake. Hizi za katikati ningezipiga mimi mngenitafuta hapa? Ningekuwa nimeshawahama." Akacheka, kisha akaangalia karatasi ya nne, kicheko kikakatika. "Pumzi, kaka… umenipigia mimi?"

Wakacheka tena, kwa upole. Kupiga kibao cha jirani ni kosa la wanafunzi, humpata hata bingwa mara moja maishani, na sheria yake ni moja: huna kitu. Sifuri. Nadhani meneja angempa nafasi ya kurudia, mkono wake ulikuwa tayari umefungua kisanduku cha risasi. Lakini Mjomba akasema, "Haiwezekani. Nilihesabu."

"Ulihesabu nini, mwalimu?"

Meneja akatazama nje, akaliona pengo la kibao cha pili. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasogea akasimama ubavuni mwa Mjomba, karibu kabisa, akainua mkono pembeni mwa uso wake, akakunjua vidole vitatu. Mjomba alikuwa anatazama mbele, anangoja aambiwe kitu.

"Mwalimu," meneja akasema. Mkono ukashuka wenyewe. Kengele alikuwa ameziba mdomo.

"Mbona mmenyamaza?" Mjomba akauliza.

Hawakumfukuza. Mama anasema ingekuwa afadhali. Walimpa kichumba nyuma ya banda, kilichokuwa cha kuwekea mifagio, na kazi ya kuziba matundu ya karatasi ili zitumike tena. Anatafuta tundu kwa ncha ya kidole, anabandika kiduara cha karatasi kwa gundi, anatafuta lingine. Hakuna aliyewahi kuziba vizuri kama yeye. Wanafunzi wapya hawajui habari ya Pumzi. Wanamwita Mzee wa Gundi. Kengele ndiye anayewapokea wanaoanza. Nimemsikia. Anawapa bunduki siku ya kwanza, halafu anawapigia kelele, "Pumueni! Pumueni!", nao wanahema.

Siku hizi mdomo wa mfuko umebana zaidi. Anasema anaona kama kwa kupitia bomba la kalamu. Mezani anapapasa ukingo wa sahani kwanza. Redio inamkatiza, naye hagombi nayo tena. Daktari alibadilisha matone mara mbili, na mara ya tatu alimwambia mama aendelee na hayo hayo, kwa sauti ambayo mama hapendi kuiigiza.

Kumtia matone ni kazi yangu. Jumapili iliyopita alikuwa amekaa kiti cha plastiki pale uani, kichwa amekilaza nyuma. Mimi ni wa kidato cha mwisho sasa, nilikuwa na daftari kwapani.

"Siku ile," akasema, "kibao cha pili. Uliona hakipo?"

Nikafungua kichupa cha matone.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Mjomba."

Nilingoja aniambie si kitu, au anigombeze, nikawa tayari kwa lolote. Tone likamwingia, akapepesa, likamshuka shavuni.

"Na wewe uliniuliza swali ukiwa mdogo," akasema. "Ukanishikia kichupa kama hivi. Uliniuliza nikilenga naangalia nini."

"Ukasema saa."

"Nilikuwa naangalia kile kijiti cha mbele tu, mpwa wangu. Miaka ishirini na sita. Vingine vyote nilijizoeza kutoviona, nikawazoeza na watu wasivione. Ndiyo maana vilipoondoka kweli, sikujua kama vimeondoka."